Jina la Marehemu Kwenye Seva

Mume wangu tulishamzika, na udongo wa kaburi ulishashuka ukawa sawa na ardhi, lakini kila asubuhi bado yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia kazini. Ndivyo seva ilivyosema, na seva haijui kilio.

Seva ni ile kompyuta isiyozimwa, iliyo kwenye chumba cha nyuma cha karakana yetu ya miwani, chumba chenye feni na mlango wa bati. Humo ndimo vinamokaa vipimo vya macho ya watu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anaendesha duka letu la mji wa pili. Dada mmoja anakaa kwenye dirisha letu pale hospitali ya macho, hospitali inayotupa kazi kuliko wateja wengine wote. Hao wanafungua kompyuta zao huko waliko, wanaiona seva yetu kana kwamba wamekaa mbele yake, wanaandika: mgonjwa fulani, jicho la kulia hivi, la kushoto hivi. Huku kwetu Almasi, fundi wa kusaga lenzi, anasoma na kuwasha mashine.

Wote waliingia kwa jina la mume wangu. Hakuna siku tuliyokaa tukapanga iwe hivyo. Alipokuwa hai yeye ndiye aliyekuwa na akaunti, akawapa wenzake neno lake la siri ili wasimsumbue kila saa. Alipofariki, nani angenyanyua mkono akalifuta jina lake? Ilionekana ni kukosa adabu. Tukaliacha.

Lakini jina moja haliketishi watu wawili. Ukiingia wewe, aliyekuwamo anatupwa nje bila hodi, na ulichokuta wazi ni kile alichokuwa anakifanya yeye. Kwa hiyo tulizoea kupigiana simu kwanza.

"Nani kamvaa Mzee?"

"Mimi. Namalizia mtu wangu hapa."

"Mvue basi, na mimi nina mtu kwenye kiti."

Tulicheka, siku zikaenda. Mazoea yana tabu, hata ubaya ukishauzoea unauita utaratibu.

Asubuhi moja nilikuwa nafuta vumbi kwenye fremu za pale mbele, nikamsikia Almasi anasonya.

"Mzee kanitoa," alisema.

"Atakuwa baba mdogo huyo," binti yangu akamjibu bila kuinua kichwa. Yeye ndiye anayeshika hesabu za ofisi, na mezani pake hapakosi karatasi.

Almasi akampigia shemeji. Shemeji akasema ndiyo kwanza anafungua makufuli ya duka, kompyuta hata hajaiwasha. Akampigia dada wa hospitali. Dada akasema foleni imemzidi kimo, hajaingia tangu jana. Binti yangu akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyesimamishwa na polisi, kuonyesha kwamba hajagusa kitu.

"Basi ni nani?" Almasi akauliza. Akaingia tena kwa nguvu, akamtoa huyo aliyekuwamo. Nikasogea nyuma yake nitazame. Majalada ya wagonjwa yalikuwa wazi, moja juu ya jingine, ambayo sisi hatukuyafungua. Pembeni kulikuwa na programu ngeni inayojipakia, imefika nusu. Kabla Almasi hajakishika vizuri kipanya cha kompyuta, kioo kikarudi kwenye kuomba neno la siri. Alishatupwa nje.

"Mama," alisema taratibu, "marehemu anagombea kiti."

"Marehemu amepumzika," nikamwambia. "Huyo ni mwizi. Chomoa waya wa intaneti."

"Upi? Iko miwili."

"Yote."

Akachomoa. Karakana ikawa kimya, feni peke yake ikiendelea na kazi yake.

Mchana akaja fundi wa kompyuta. Tunamwita Waya kwa sababu haonekani bila waya umemzunguka bega kama mwanamasumbwi na kamba yake ya kurukia. Alikaa mbele ya seva muda mrefu, anasoma, anaguna. Mwisho akageuza kiti.

"Mama, seva yenu imekaa barabarani. Yeyote aliye duniani anaweza kuja kubisha. Na huyu amebisha siku nyingi sana. Hakai yeye mwenyewe, ana programu inayojaribu maneno ya siri bila kuchoka. Likikataa, inajaribu lingine. Mpaka likakubali. Neno lenyewe lilikuwa nini?"

Nikamtajia. Ni jina la binti yetu na mwaka aliozaliwa.

Binti yangu akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungulia mwizi."

"Dada, jina lako liko kwenye ubao wa duka kwa rangi nyekundu," Waya akasema. "Hata mbuzi wa mtaani wanalijua."

Nikamuuliza kama mwizi ameondoka na kitu. Akasema kwa anavyoona alikuwa bado anachungulia, na ile programu iliyofika nusu ingeyafunga majalada yote mpaka tumpigie magoti na kumlipa. Lakini kuapa hawezi.

Nikachukua simu. Binti yangu alijua ninampigia nani kabla sijabonyeza.

"Mama, usiwaambie hospitali. Waya ameshatengeneza. Hakuna aliyejua."

"Macho ni ya wagonjwa wao, majina ni ya wagonjwa wao. Mungu anajua, na sisi tunajua. Umebakiza nani?"

"Nimebakiza tumbo," alisema. "Letu na la Almasi, na la wale wote walioko huko nyuma."

Hakukosea. Kazi ya hospitali ikiondoka, mashine zetu hazina cha kusaga, na watu wanarudi nyumbani. Lakini nilipiga. Muuguzi mkuu wa idara ya macho, tunayemwita Sista, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Alisema kazi yote ya hospitali imesimama kuanzia saa ile. Ijumaa atakuja mwenyewe. Akikuta kila mtu anaingia kwa jina lake, kwa neno lake, na kwa ushahidi wa pili kwamba ni yeye, kazi itarudi. Akikuta hata mlango mmoja umeachwa, atawapa wengine.

"Hata mmoja, mama," alirudia.

"Nimesikia, Sista."

Waya akatueleza dawa yake. Kwanza, seva itatoka barabarani. Atajenga geti mbele yake, na kila anayeingia kutoka nje atapita getini kabla ya kuuona mlango wenyewe. Pili, neno la siri peke yake halitoshi tena, maana neno mtu anaweza kulikisia au kuliiba. Ukishaliandika, kompyuta itakuonyesha namba ya tarakimu mbili, na wewe utaiandika kwenye simu yako mwenyewe haraka, kabla haijafutika. Mwizi akiwa na neno lako bila simu yako, amebaki na ufunguo wa nusu.

"Na tatu," alisema, "sisajili mtu nisiyemwona usoni. Simu inapigwa na yeyote. Leo sauti za watu zinaigwa."

"Hata mimi?" dada wa hospitali, tuliyempigia asikilize, aliuliza kwenye spika ya simu.

"Hata ungekuwa mke wangu."

"Mungu aniepushie," akajibu, tukacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Jioni hiyohiyo alikuja, akasajiliwa, akarudi.

Mimi nilitaka kuwa wa kwanza ili wengine wasipate la kusema. Waya akaniambia nichague maneno manne yasiyohusiana, niyaunganishe. Nikachagua moyoni, nikaandika kwa kidole kimoja. Namba ikatokea, nikaiandika kwenye simu, mlango ukafunguka. Juu ya kioo palikuwa na jina langu. Nilikuwa sijawahi kuliona jina langu mahali pale, na ofisi ni yangu.

Akafuata Almasi, akafuata binti yangu. Akabaki shemeji.

"Sitaki," alisema kwenye simu. "Niacheni kwenye jina la kaka."

"Jina la kaka yako ndilo lililovunjwa, shemeji."

"Mbadilishieni neno la siri. Mwekeeni refu kama reli. Lakini mimi kuulizwa na simu kama ni mimi, kwenye nyumba ya kaka yangu, hapana. Na mkilifunga jina lake mmemzika mara mbili."

"Kaka yako yuko mikononi mwa Mungu. Hayuko kwenye kompyuta."

"Umekuwa mwepesi kusema hivyo," akaniambia, akakata.

Hilo lilinichoma. Nilikaa nalo. Binti yangu akaja na chai akaniwekea karibu na mkono.

"Mwachie tu, Mama. Ni mtu mmoja. Waya anasema inawezekana, jina la baba libaki kwa ajili ya baba mdogo peke yake, bila simu. Sista atajuaje?"

Nikamwita Waya. "Inawezekana?"

"Inawezekana," alisema, anakwepa macho yangu. "Lakini Mama, mwizi hasumbuki na milango iliyofungwa. Anaizunguka nyumba mpaka aukute ule ulioachwa kwa ajili ya mtu tunayemheshimu."

"Basi kaa hapa. Nionyeshe pa kubonyeza."

Akanionyesha. Jina la mume wangu lilikuwa kwenye orodha, na pembeni yake alama ndogo ya kijani. Waya akauliza kama nataka kulifuta kabisa au kulizima. Nikasema kulizima, kazi alizozifanya zibaki na jina lake, lakini asiingie mtu tena kwa jina hilo. Nilisali kimoyomoyo, sala fupi ya kumwombea aliyelala, kisha nikabonyeza. Kijani ikawa kijivu. Nilidhani ningelia, na sikulia. Nilichohisi ni kile unachohisi ukimfunika mtu shuka vizuri.

Kesho yake asubuhi shemeji akapiga.

"Shemeji, nimefungiwa nje."

"Najua. Nimefunga mimi."

"Nina watu wameshapimwa wanangoja miwani. Mpimaji wangu ameniachia vipimo mezani. Nifungulie leo tu, nitume hivi, kisha tutagombana vizuri."

"Njoo usajiliwe."

"Sauti yangu huijui?"

"Naijua vizuri sana. Lakini geti halina masikio, na Waya hasajili sauti."

"Wewe mwanamke ni jiwe."

"Basi njoo ulione jiwe. Ijumaa asubuhi, kabla Sista hajafika. Vipimo vya watu wako njoo navyo."

Alipiga tena mchana. Akampigia binti yangu, akampigia Almasi, akampigia Waya akamwahidi urafiki wa milele. Kila mmoja alinitazama mimi, na mimi nikaendelea kufuta fremu. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo. Asipokuja, Sista angekuta duka zima halimo kwenye usajili, na mtu wa familia anapiga kelele nje. Lakini nikimfungulia kwa kelele zake, nitakuwa nimemfungulia kila mwenye kelele.

Ijumaa alikuja. Shati limepigwa pasi, uso umefungwa. Aliwasalimu wote isipokuwa mimi, kisha akarudi akanisalimu, kwa sababu alilelewa.

"Shikamoo isingekuua," nikamtania, ingawa sisi ni rika.

"Nimekuja kwa ajili ya wagonjwa," alisema.

Tukaingia chumba cha nyuma, yeye, Waya na mimi. Neno lake la siri aliliandika vizuri, vidole vyake vinazijua herufi bila kuziangalia. Namba ikatokea kwenye kioo. Shemeji akaisogelea, akarudi nyuma, akaandika kwenye simu. Imekataliwa. Mara ya pili akachelewa, namba ikafutika. Mara ya tatu akaipeleka simu upande wa dirisha, akaigeuza, akainamisha kichwa.

"Baba mdogo, ni tarakimu mbili tu," Waya akasema.

"Simu zenu mbovu. Mimi nilisema."

Nimesimama kaunta miaka mingi. Mtu anayeipeleka karatasi dirishani namna ile namfahamu kabla hajafungua kinywa.

"Waya," nikasema, "nenda kamwangalie Sista kama amefika."

Waya akatoka. Nikavuta kiti nikakaa karibu na shemeji, nikasema kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

Feni ilizunguka. Nikadhani atanifokea.

"Kaka alijua," alisema mwisho. "Ndiye aliyenikuzia herufi kwenye akaunti yake, kubwa kama za ubao wa shule. Kwenye jina lake nilikuwa naona. Jicho la kulia limekuwa ukungu, la kushoto linalifuata mwenzake." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Muuza miwani haoni. Nani atakuja kununua kwake, shemeji?"

Hasira yangu yote ikakosa mahali pa kukaa. Mtu alikuwa analinda jina la kaka yake, na mimi nikidhani ni kiburi, kumbe chini yake alikuwa anashika fimbo yake ya kutembelea.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia, ungeliacha jina wazi?"

"Hapana. Na sasa pia silifungui. Lakini ningetafuta njia nyingine, na ndiyo natafuta sasa hivi." Nikaita, "Waya."

Akarudi haraka mno kwa mtu aliyekuwa mlango wa mbele.

"Upo ushahidi wa pili usiohitaji kusoma kitu?"

"Upo," alisema. Akafungua begi akatoa kitu kidogo kama kipande cha biskuti, cheusi, chenye duara la rangi ya dhahabu katikati. "Hiki ni kifunguo. Unakichomeka ubavuni mwa kompyuta, inawaka taa, unagusa hapa kwa kidole. Basi. Kina nguvu hata kuliko simu, maana hakuna namba ya mtu kukudanganya uitaje."

"Na siku zote hizi kilikuwa kwenye begi?"

"Hakuna aliyeuliza, Mama. Nilidhani kila mtu anapenda simu."

"Na herufi?" shemeji akauliza, anatazama ukutani.

"Herufi nakukuzia kwenye jina lako mwenyewe. Sema ukubwa."

"Kama za ubao wa shule," alisema.

Sista alifika wakati Waya anamalizia. Ni mwanamke mfupi, anayetembea kama ana mtu anamngoja mahali pengine. Alikataa kiti cha wageni, akaomba kiti cha kazi. Akafungua kompyuta yake aliyokuja nayo, akaomba jina la mume wangu na lile neno la zamani. Nikampa. Akajaribu kuingia. Geti likamkataa. Akajaribu tena, likamkataa tena.

"Sasa nipe jina la mtu aliye hai," alisema, "na neno lake la kweli."

Watu wakatazamana. Shemeji akajitokeza. "Chukua langu. Nitalibadilisha ukimaliza."

Sista akaliandika lilivyo. Kompyuta yake ikangoja, ikaomba kifunguo, ikangoja tena, kisha ikafunga. Kifunguo kilikuwa shingoni mwa shemeji kwenye kamba ya miwani.

"Chomeka," Sista akamwambia.

Akakipapasa kile kidude, akakichomeka, akagusa. Seva ikafunguka, na juu yake jina la shemeji, kubwa la kusomeka hata ukiwa ukutani.

"Akikipoteza hiki?"

"Atapiga simu, tutakifunga papo hapo," nikamjibu. "Kisha atakuja hapa mwenyewe tumwone, apewe kingine."

"Na akiwa na wagonjwa wanamngoja? Akilia kwenye simu?"

"Hata akilia."

"Nilishalia, Sista," shemeji akasema. "Hakufungua. Uliza hawa."

Almasi akaangua kicheko akakimeza. Sista hakucheka, ila mdomo wake ulilegea kidogo. Alizunguka, akamtaka kila mmoja aingie mbele yake, mimi wa mwisho. Akamuuliza Waya maswali ambayo mimi sikuyaelewa, na Waya akayajibu amesimama wima kama mwanafunzi. Kisha akafunga kompyuta yake.

"Jumatatu kazi inarudi," alisema. "Mlinipigia wenyewe, hilo nimelikumbuka. Ya wengine huwa tunayasikia kwa wagonjwa."

Binti yangu akakaa chini ghafla, kwenye boksi la lenzi, bila kutazama ni la nini.

Sista alikuwa anaelekea mlangoni aliposimama mbele ya shemeji. Akamshika kidevu bila kuomba ruhusa, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Na huyu mtoto wa jicho unamlea mpaka aoe? Jumatatu uje naye. Tunamtoa, unarudi nyumbani."

Shemeji alinitazama mimi kana kwamba nimemchongea, na sikuwa nimesema neno. Karakana nzima ilikuwa imesikia. Almasi akajifanya anatafuta kitambaa. Dakika ile niliiogopa kuliko Sista.

Shemeji akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi za mpimaji wake, zimekunjwa mara nyingi, vipimo vya watu waliokuwa wanamngoja. Akakaa mbele ya seva. Akanyoosha karatasi upande wangu, mbele ya wote.

"Shemeji," alisema, "nisomee. Mimi naandika."

Nikavaa miwani yangu, nikavuta kiti.

"Jicho la kulia," nikaanza.